Florini ya Mwalimu Naibei

Bungoma,
14 Januari 2007

Kwako Wilkista, mtoto wa dada yangu,

Nyumba hii inakusalimu. Mama Agneta bado analalamikia goti, lakini jana alipalilia mistari mitatu ya maharagwe kabla sijamaliza chai, kwa hiyo nadhani goti linamsumbua akiniona mimi tu. Mama yako ameniandikia kutoka Kiminini kwamba ng'ombe amezaa ndume. Mwambie nimefurahi, ingawa nilitaka mtamba.

Sasa kuhusu kazi yetu. Umeniuliza mtu anajuaje sarafu ya kununua, na anaipataje kwa bei ndogo. Nimefurahi kuulizwa, maana hapa nyumbani hakuna anayeuliza tena.

Anza na macho. Shilingi ya zamani iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1948 ina robo yake fedha halisi. Ya 1948 na baadaye haina. Zote zina simba, zote ni kuukuu, na muuzaji huziweka kundi moja. Wewe soma mwaka. Shilingi tano ya Kenya ya mwaka 1973, yenye pembe tisa, ukiiona usiiache. Ile ya arobaini ya juzijuzi watu wanaificha chini ya godoro wakidhani watatajirika, iache. Nunua kopo zima, usichague moja moja, kwa sababu ukichagua unamfundisha mwenye mali kipi ni kizuri. Na usiulize zimetoka wapi. Swali moja tu linapandisha bei, kwani mtu akisikia unauliza anajua unataka. Mahali pa kupata bei nzuri ni pale watu wanapohama, au walipotoka kuzika, kwa sababu waliobaki hawajui mzee alikuwa akiweka nini na kwa nini.

Salman, yule mwenye duka karibu na msikiti, ananunua kwangu kwa ajili ya watu wake wa Nairobi. Nusu ni yako, kama tulivyosema.

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya sarafu. Unamkumbuka Mwalimu Naibei, tuliyefundisha naye miaka kumi na minne, aliyekuja na asali ulipomaliza darasa la nane. Bado yuko juu ya Cheptais na mkewe Roselyne. Vijana wa msituni wamewafukuza majirani zake wote, na wengine wamekatwa masikio kwa kukataa kutoa mchango. Nimemwandikia mara tatu ateremke, chumba kipo, na sijapata jibu. Hapo Kitale wanafika watu kutoka mlimani kila siku. Ukimpata anayepanda na kushuka, uliza kama rafiki yangu yu hai.

Simu ya mkononi bado nimeikataa. Sarafu haisomeki kwa simu.

Mimi Khocha, mjomba wako,
Mukhisa


Kitale,
9 Februari 2007

Khocha wangu mpendwa,

Nakusalimia wewe na Mama Agneta, na goti pia. Mimi niko salama, meza yangu ya mitumba bado iko pale pale karibu na soko, na juzi kanjo, askari wa baraza la mji, walipita wakanichukulia sweta mbili wakasema ni za ushahidi. Ushahidi wa baridi, nadhani.

Watu wa mlimani ni wengi kweli. Wanafika na godoro kichwani, na kuku mmoja, na mtoto. Wengine wako mtaa wa Kipsongo kwa watu wasiowajua, nyumba ya plastiki moja watu tisa. Mama mmoja alinunua kwangu leso ya kujifunga kichwa. Alipoivua ile ya zamani ili ajaribu mpya niliangalia kando, Khocha. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu.

Sasa kazi. Jumamosi alikuja kijana anaitwa Levi. Mwembamba, shati safi, anaongea kama mtu ambaye hana haraka. Alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia limejaa sarafu.

"Sasa, mathe. Ati unanunua hizi takataka za mkoloni?"

"Inategemea. Mimi natengenezea watoto mikufu."

"Mikufu ya kopo mzima?"

"Nina watoto wengi."

Akacheka. "Leta mia tano."

"Mia tano nikununue wewe na kopo?"

"Mimi siuzwi, mathe. Mimi ni wa kukodisha."

Tukamalizana kwa mia moja na sabini. Sikuuliza kitu, vile ulinifundisha. Nyingi ni zile za senti kumi zenye shimo katikati, zingine bado zimefungwa kwa uzi kama za kuvalisha mtoto kiunoni. Kuna nane zimeandikwa 1936 na jina la mfalme ambaye watu hapa wanasema hakukaa hata mwaka. Hizo si ni za bei? Zote nimezisugua na majivu na ndimu mpaka zinang'aa kama kijiko cha harusi.

Halafu habari njema. Levi huyu hupanda mlimani na kushuka, anavuka mpaka wa Uganda pale Lwakhakha na biashara zake. Nikamwuliza kama anamjua Mwalimu Naibei. Amesema jina amelisikia, lakini mlima ni mkubwa. Ukimwelekeza nyumba, atapeleka salamu na kuleta jibu. Hakuniomba hata pesa ya soda.

Mwiwana wako,
Wilkista


Bungoma,
27 Februari 2007

Kwa Wilkista,

Barua na kopo vimefika kwa mkono wa yule dereva wa Webuye anayetubebea barua. Mvua bado. Mama Agneta ameuza mbuzi mmoja na kununua mabati manne, na sasa anayaangalia yalivyoegemea ukuta kama mtu aliyepata wageni.

Kwanza nikupongeze. Kopo lile kwa mia moja na sabini ni kazi ya mtu mwenye miaka kumi sokoni. Kuhusu za 1936, ngoja nikueleze, kwa sababu ni kosa la wengi. Ni kweli mfalme yule aliacha kiti kabla ya mwaka kwisha. Lakini mitambo haikujua ataacha. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Uchache wa siku za mfalme si uchache wa sarafu. Anayekuuzia kwa hadithi ya mfalme, mwache na hadithi yake.

Pili, usioshe. Usioshe kabisa. Ile rangi nyeusi unayoiona kama uchafu ni ngozi ya sarafu, imechukua miaka sitini kuota. Anayejua akiona imesuguliwa huirudisha mezani bila neno. Hata ikija na tope, niletee na tope lake.

Sasa Naibei. Habari ya Levi imenipa moyo. Mwambie hivi: akifika Cheptais apande njia ya kanisa la zamani, avuke mto mdogo wenye daraja la magogo mawili, kisha ageuke mkono wa kuume kwenye miti ya kahawa iliyokatwa. Nyumba ni ya mabati, mlango umepakwa rangi ya bluu. Naibei hafungulii mtu siku hizi, hilo nimelisikia kwa wengine. Kwa hiyo Levi abishe, na aseme kwa sauti, "Mwalimu Mukhisa wa Bungoma anakusalimia, anauliza kama bado unadaiwa kitabu cha jiografia." Huo ni utani wetu, hakuna mwingine anayeujua. Atafungua.

Amwambie ateremke na Roselyne wiki hiyo hiyo. Na aje na ile florini. Ni sarafu ya mwaka 1920, kubwa, ya fedha, iliyotumika muda mfupi sana kabla ya shilingi kuja, na karibu zote zilirudishwa zikayeyushwa. Baba yake alilipwa hiyo kwa fahali. Miaka ishirini nimemwomba aniuzie na miaka ishirini amecheka. Afadhali aiweke ndani ya soksi kuliko kuiacha huko.

Khocha wako,
Mukhisa


Kitale,
30 Machi 2007

Khocha,

Nawasalimia wote. Mimi niko sawa.

Florini iko ndani ya hii bahasha, nimeikunjia kitambaa. Levi aliileta jana. Nimelipa mia tatu.

Amesema salamu zilifika.

Nimeiosha. Najua ulinikataza. Ilibidi.

Wilkista


Bungoma,
12 Aprili 2007

Kwa Wilkista,

Natumaini Pasaka ilikupata vizuri. Hapa tulichinja kuku wawili na mchungaji akala mmoja na nusu. Mvua imeanza, tumepanda, na mabati ya Mama Agneta yamepanda juu ya jiko.

Florini imefika. Ndiyo yenyewe. Ina tundu juu ya taji la mfalme. Baba yake Naibei alilitoboa kwa msumari ili aivae shingoni. Nadhani sijawahi kukuambia juu ya tundu hilo, kwa sababu lisingekusaidia kitu sokoni. Sarafu iliyotobolewa huanguka bei. Salman asingenipa hata mia nne. Mimi sikuitaka kwa ajili ya Salman. Niliitaka kwa sababu ilikuwa ya kwanza niliyoiona maishani ambayo mwenyewe alijua ilitoka wapi, kwa nani, siku gani, kwa ng'ombe wa rangi gani. Kopo zima la sarafu haliniambii hivyo.

Kwa hiyo nasema, pengine Naibei ameamua kuuza ili apate nauli. Mtu anayehama huuza vitu ambavyo jana asingeviuza. Nilikufundisha hivyo mimi mwenyewe. Pengine wako njiani na Roselyne, au wamepitia kwa ndugu zake Uganda. Ila uzi wake haukuja. Alikuwa ameifunga kwa uzi wa ngozi, na mtu anayeuza florini hana sababu ya kubaki na uzi.

Sijaionyesha kwa Salman. Nimeiweka peke yake.

Niandikie Levi alimkutaje. Alikuwa amekonda? Alicheka alipoambiwa habari ya kitabu? Roselyne alisema nini?

Na uniambie, mwanangu, kwa nini uliiosha.

Mukhisa


Bungoma,
19 Juni 2007

Wilkista,

Nakusalimia. Mama yako anasema u mzima na kwamba hupiti tena Kiminini siku za Jumapili. Nimekuandikia mara mbili tangu Aprili. Dereva anasema barua alikupa mkononi.

Naibei yuko hapa.

Alikaa hospitalini hapa Bungoma majuma tisa, na mimi nilikuwa nikipita njia hiyo kwenda posta bila kujua. Muuguzi mmoja niliyemfundisha alikuja kuniita. Masikio yote mawili yamekatwa. Hilo halimzuii mtu kusikia, madaktari wamenieleza, na mimi nilishika neno hilo kwa furaha mpaka wakaniambia la pili: walimpiga kichwani kwa kitako cha bunduki, kushoto na kulia, hadi ndani kukapasuka. Hasikii kabisa. Taya liliunganishwa vibaya na kwa hiyo haongei. Tumempa chumba cha nyuma, na nimetoa ubao mdogo na chaki kutoka stoo. Tunaandikiana kama wanafunzi wawili waliokatazwa kuzungumza.

Roselyne alikufa mlangoni. Walimpiga panga kwanza yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika mlango.

Sikumwuliza. Aliandika mwenyewe, siku ya nne, akiwa ameketi juani. Aliandika kwamba walikuwa watatu, mchana, na mmoja alikuwa na shati safi. Kisha akafuta, akaandika: "Walikuwa na salamu zako. Walijua habari ya kitabu. Ndiyo maana nilimwambia Roselyne afungue."

Nimesoma maneno hayo mbele yake, yeye akinitazama. Nikachukua chaki. Unajua mimi si mtu wa kukosa la kueleza. Niliandika, "Pole," nikamrudishia ubao.

Anaamini kwamba kuna mtu alinisikia nikisimulia utani ule mahali fulani, akautumia. Ameniandikia nisijilaumu. Anakula mezani kwangu. Florini iko kwenye kabati hatua nne kutoka kitandani kwake.

Nitamwambia. Lakini kwanza nijue nitakachomwambia. Levi alifanya nini, na wewe ulijua nini, na lini?

Mukhisa


Kitale,
22 Julai 2007

Khocha,

Salamu sina. Soma haraka.

Nilimsomea barua yako. Si kumweleza, nilimsomea neno kwa neno, hapo mezani, kwa sababu nilitaka aone ninavyosoma na vile Khocha wangu anaandika. Aliniomba nirudie sehemu ya kitabu cha jiografia. Akaisema kwa kichwa mara mbili kama mtoto wa shule. Tukacheka.

Aliporudi mwezi wa tatu sarafu ilikuwa kwenye uzi wake, na uzi ulikuwa umelowa, na kulikuwa na nywele. Akasema, "Mzee alifurahi sana, mathe. Alifungua hadi komeo ya chini." Nikaelewa hapo hapo. Na nikatoa mia tatu, Khocha. Yeye alikuwa anataka mia sita. Nilielewa na bado nikapunguza bei. Sijui ni mdomo wa nani uliongea. Uzi niliuchoma. Sarafu nikaiosha mara tatu.

Za kopo lile la kwanza, sasa najua. Nyuzi za kiunoni zilikuwa za watoto.

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi. Anakaa juu ya gunia langu la nguo na kuniambia, "Leta mwingine. Mjomba wako anajua wazee wenye vitu." Nikamwambia hakuna. Nikaacha kununua. Nilimwambia mzee wa mtaa, akaniuliza kama nataka nyumba yake ichomwe.

Jana alikuja na mwenzake. Ilikuwa saa tano mchana, watu wamejaa, kila mtu akashika shughuli yake. Mwenzake akaniwekea mkono wa kushoto juu ya meza, juu ya nguo za watoto. Levi akasema, "Nauliza mara moja." Nikasema sina. Akakata kidole kidogo. Akasema, "Naona sikuuliza vizuri." Akakata cha pete. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, "Huo mwingine nimekuachia wa kuandikia."

Nikampa jina.

Sikuwa na mwingine, Khocha. Wazee wa sarafu ninaowajua ni wewe peke yako. Nikampa jina lako, na nyumba ya pili baada ya kinu cha posho pale Kanduyi, na sanduku lako la sarafu. Nilitaka ikome.

Ondokeni leo. Wewe, Mama Agneta, na Mwalimu. Nimepiga namba ya duka la Salman mara sita, haishiki. Dereva ameahidi kesho asubuhi.

Usinisamehe kwa barua.

Wilkista


Bungoma, kituo cha polisi,
31 Julai 2007

Kwa Wilkista, mwiwana wangu,

Nakusalimia kutoka mahali nisipopazoea. Mama Agneta yu mzima, amekwenda Kiminini kwa mama yako, nawe uende huko leo hii. Usirudi kwenye meza. Askari wa zamu nilimfundisha hesabu darasa la sita. Amenipa kalamu na karatasi nne, na ameahidi kutosoma, ingawa anasoma.

Barua yako ya tarehe 22 nimeipata jana. Dereva aliugua malaria, akakaa nayo siku nane. Levi alifika Ijumaa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Agneta alikuwa sokoni, Naibei chumba cha nyuma. Nilisikia hodi, kisha sauti ya kijana: "Mwalimu, Wilkista wa Kitale anakusalimia." Niliposikia tu, nilijua salamu ile imetengenezwa vipi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuitengeneza. Utauliza kwa nini nilifungua. Nilidhani nikimfungia atarudi kwako kuuliza upya. Na nilidhani Naibei, kwa kuwa hasikii, hatatoka.

Mwenzake alibaki langoni. Levi aliketi. Nilileta sanduku mwenyewe nikaanza kumweleza, moja moja, mwaka na madini na jinsi ya kutambua. Kinu cha posho hufunguliwa saa tano, na nilitaka watu wafike.

"Mzee, unasomesha?" akaniuliza.

"Nimesomesha miaka thelathini na mmoja."

"Basi fupisha. Gani ndio ya pesa?"

"Hakuna. Hili sanduku lote halifiki bei ya ng'ombe mmoja."

Akaniangalia. Nadhani aliniamini, na nadhani hilo ndilo lililomkasirisha. Aliweka panga juu ya meza, akaniambia niweke mkono.

Naibei akaingia na bakuli la uji. Hakuwa amesikia chochote. Alinitafuta mimi kwa macho, kisha akamwona. Levi alitazama pande mbili za kichwa chake, akacheka kidogo. "Kumbe wewe bado uko?"

Naibei aliinama akaweka bakuli chini, taratibu, lisimwagike. Mchi wa kinu cha Mama Agneta hukaa nyuma ya mlango ule. Pigo la kwanza lilimvunja Levi mkono wa panga. La pili lilimwangusha. Alianza kutambaa kuelekea mlangoni, na mimi, Wilkista, nilipiga magoti nikamshika miguu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alisema, "Mzee, ngoja." Akasema tena, "Ngoja, mzee." Naibei hakusikia. Mimi nilisikia, na sikuachia mpaka miguu ikatulia.

Yule wa langoni alikimbia.

Tuliketi sakafuni. Ukutani kulikuwa na vitu ambavyo sitakuandikia. Baadaye Naibei alileta ubao akaandika, "Huyu alijuaje hapa?" Nikaandika. Akasoma, akafuta kwa kiganja, akaandika maneno mawili: "Na kwangu?"

Nikaandika yote. Kanisa la zamani, magogo mawili, kahawa, mlango, kitabu, florini. Ubao ulijaa mara tatu. Sikuandika kwamba yalipitia kwako, kwa sababu maneno yalikuwa yangu. Nilileta florini nikaiweka sakafuni kati yetu. Hakuigusa. Alinyanyuka akaenda kukaa nje, ng'ambo ya mwili wa Levi uliolala mlangoni, akanipa mgongo.

Basi nikaosha mchi nikaushika vizuri kwa mikono yote miwili ili alama za vidole ziwe zangu, nikaenda kwa chifu nikasema nimeua mtu aliyeingia nyumbani mwangu. Nilisema mgeni wangu ni kiziwi, alikuwa amelala. Niliona ni jambo ninaloweza kumlipa. Nilieleza vizuri, unajua ninavyoeleza, na waliniamini.

Jumapili Naibei alikuja kaunta kwa miguu kutoka Kanduyi. Aliomba karatasi kwa ishara. Askari aliniletea niisome, kwa kuwa alitaka kujua kama ni mwandiko wa mtu mwenye akili timamu. Ni mwandiko mzuri, umeinama kidogo kulia, wa chuo cha zamani. Ameandika: "Mukhisa anadanganya. Niliua mimi. Sitaki chochote kutoka kwake, hata hiki."

Wametuweka chumba kimoja, kwa sababu vingine vimejaa.

Wewe usijinyamazie. Kuna mwenzake Levi bado anatembea Kitale, na wewe unamjua sura. Nenda Kiminini kwanza, kisha mama yako akupeleke ukaandikishe taarifa, useme kila kitu, pamoja na kwamba ulimsomea barua, na ni nani aliyeiandika. Mimi nitasema yangu. Bandeji ya vidole ifunguliwe na daktari, si na mtu wa dukani.

Karatasi nilizopewa ni nne. Tatu nimekuandikia wewe. Ya nne nilimsogezea Naibei alfajiri, pamoja na kalamu, kisha nikaiomba kalamu kwa ishara ili nikumalizie hii, naye akaisukuma kwa mguu. Sasa nairudisha juu ya karatasi yake. Ni saa tisa alasiri. Karatasi hajaigusa.

Mukhisa